Jiwe Lililoungua: Kazi ya Kutangulia Mbele ya Kijiko

Nilizungumza maneno haya Jumamosi moja jioni mjini Cork, kusini mwa Ayalandi, mbele ya familia zinazotumia Kiswahili nyumbani. Baadhi yetu walikuwa zamu ya usiku, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam alaykum, na hamjambo nyote, wakubwa kwa watoto.

Kabla sijaanza, naomba jiwe hili lizunguke ukumbini. Lianzie kwa watoto pale mbele. Lishikeni kwa mikono miwili, maana linamong'onyoka, na pale lilipopasuka lina makali. Si jiwe la kale. La kale nisingethubutu kulitia mkobani, sheria ya nchi hii hainiruhusu. Hili nimeliokota ukingoni mwa shamba la jirani, jiwe la mchanga la mviringo, ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Jumapili iliyopita nililitia kwenye moto wa kuni nyuma ya nyumba, likakaa makaani karibu saa nzima. Kisha nikalitoa kwa koleo nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Maji yakafoka, jiwe likalia kama samaki anayeingia kwenye mafuta yaliyochemka, na nikasikia tak, tak, likipasuka. Watoto, msijaribu hivyo bila mtu mzima: jiwe lenye unyevu ndani laweza kulipuka motoni.

Sasa litazameni. Asubuhi ile lilikuwa la kijivu. Sasa limeiva wekundu wa tofali, na upande uliolalia makaa ni mweusi. Mviringo wake umekwisha, limebaki pembe tupu. Ukilirudisha motoni mara tatu nne, litakuwa changarawe. Jiwe la namna hiyo ndilo ninalolitafuta kila siku ya kazi yangu, kazi ya akiolojia, ya kutafuta mabaki ya kale yaliyofukiwa ardhini.

Mama yangu yuko Tanga. Kila tukizungumza kwenye simu huniuliza, “Mwanangu, bado unachunga katapila?” Namjibu, bado mama. Na kweli nachunga. Kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kinapoanza kukwangua shamba ili ipite barabara, au zijengwe nyumba, mimi husimama hatua chache mbele yake, macho chini. Kinavuta udongo, natazama. Kinavuta tena, natazama. Leo nataka niwaeleze natazama nini, na kwa nini mtu wa kutazama lazima awepo pale kabla, asiitwe baadaye.

Mnapopita kwenda Macroom, Mallow au Bantry, mnaona malisho ya kijani na ng'ombe wake. Chini ya malisho hayo, hasa kwenye mabonde yenye kijito au ardhi ya majimaji, yamelala marundo ya mawe kama hilo linalozunguka, mawe yaliyoungua na kupasuka, yamechanganyika na mkaa mweusi. Waayalandi huliita rundo hilo fulacht fia, na yakiwa mengi fulachtaí fia. Fulacht ni mahali pa kupikia. Hilo fia lina ubishi: wapo wasemao ni kulungu, wapo wasemao ni pori. Waingereza na Waskoti nao wanayo, na wao huyaita kwa sura yake tu, marundo yaliyoungua. Nchi hii peke yake imeandikisha zaidi ya 7,000, na hakuna kaunti yenye mengi kama hii yetu ya Cork. Mengi ni ya zama ambazo watu walikwisha kujua kuchanganya shaba na bati, kati ya miaka 4,500 na 2,500 iliyopita. Yapo ya kale zaidi ya hapo, lakini ni machache.

Ukilikuta rundo ambalo halijaguswa na jembe, lina umbo la mwezi mchanga. Tumbo la mwezi huo limeelekea majini, na ndani yake ndimo lilimokuwa hori. Natumia neno letu hilo kwa sababu ndilo linalofaa: hori kama la kulishia ng'ombe, ila hili limechimbwa ardhini, urefu wake kama mtu aliyelala, kina chake kama goti. Mengine yamepangwa mbao pande zote, mengine fito zilizosukwa kama ukuta wa nyumba ya udongo, mengine mabamba ya mawe. Yapo ambayo ni gogo zima lililochongwa kama mtumbwi. Pembeni kuna jiko, ambalo siku hizi ni duara la udongo uliogeuka mwekundu kwa moto.

Namna lilivyofanya kazi si fumbo. Hori linajaa maji, mara nyingi yanajiingiza yenyewe kutoka ardhini. Jikoni mawe yanapashwa. Yakiiva yanasukumwa horini, moja baada ya jingine, na maji yanachemka. Mawe yaliyopasuka yanatolewa na kutupwa kando. Kesho tena, msimu ujao tena, mjukuu naye tena. Yale ya kutupwa yanazunguka pande zote isipokuwa njia ya kuingilia, na hapo ndipo mwezi mchanga unapozaliwa. Kwetu tunasema jungu kuu halikosi ukoko. Rundo hili ni ukoko wa jungu kuu kabisa, jungu lililochimbwa ardhini.

Watu wale hawakuokota jiwe lolote tu. Walipoweza walichagua jiwe la mchanga. Sisi watu wa pwani tungewaelewa upesi, maana tunajua tanuri la chokaa. Ukichoma jiwe la chokaa vya kutosha kisha ukalitia maji, linachemka lenyewe, linasambaratika, na maji yanakuwa ya kuunguza ngozi. Hakuna mpishi atakayetaka hilo kwenye mchuzi wake. Jiwe la mchanga linavumilia moto mara kadhaa kabla halijasagika. Kwa hiyo ninapokuta kwenye bonde la mawe ya chokaa rundo lililojaa mawe ya mchanga, najua kuna mtu aliyeyabeba kutoka mbali, na alijua kwa nini anayabeba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, profesa mmoja wa chuo kikuu cha mji wetu huu, Michael J. O'Kelly, alifukua rundo kule Ballyvourney, magharibi ya Macroom. Kisha alifanya jambo ambalo mimi nampenda kwalo hadi leo: alipika. Alilitengeneza upya lile hori, likajaa maji yapatayo lita 450, akapasha mawe. Nusu saa na kitu hivi maji yalikuwa yanatokota. Akafunga kwa majani makavu paja la kondoo la kilo nne na nusu, akalizamisha, akawa anaongeza jiwe moja moja ili maji yasipoe. Baada ya saa tatu na dakika arobaini nyama ilitoka imeiva hadi mfupani na safi kabisa. Kule Drombeg, karibu na bahari, kuna hori jingine la mawe ambalo nalo lilijaribiwa, na maji yake yalichemka ndani ya dakika 18 tu. Pale mnaweza kwenda na watoto Jumapili. Liko hatua chache kutoka kwenye duara maarufu la mawe, na wageni wengi hupiga picha duara wakaondoka bila kulitazama.

Je, yote yalikuwa ya kupikia? Hapo ndipo wataalamu wanapovutana. Mwaka 1987 Lawrence Barfield na Mike Hodder, waliofanya kazi kwenye marundo ya Birmingham kule Uingereza, walisema huenda yalikuwa nyumba za mvuke, watu wakijifunika na kuoga jasho. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwani mifupa ya wanyama haionekani sana kwenye marundo haya, na palipopikwa nyama mtu angetarajia mifupa. Waliojibu walisema ardhi hizi nyingi ni chachu, zina asidi, na humaliza mfupa. Mwaka 2007 Billy Quinn na Declan Moore wa Galway walijaribu kutengeneza pombe ya shayiri ndani ya hori la mbao kwa mawe ya moto, na wakapata zaidi ya lita 100. Wengine wametaja kuosha sufu, kutia rangi nguo, kulainisha ngozi. Mimi nimesimama ndani ya mahori mengi, na moyo wangu uko kwenye chakula, tena chakula cha watu wengi pamoja. Hakuna anayechemsha lita 450 kwa ajili ya mume, mke na mtoto mmoja. Lakini maji ya moto ni maji ya moto. Nyumbani kwetu sufuria ile ile ya pilau ya harusi ndiyo iliyochemshia maji ya kumwogesha mzazi.

Sasa, hayo ndiyo tunayoyajua kuhusu rundo. Kazi ngumu ni kulikuta kabla halijapotea.

Kaburi kubwa la mawe kila mtu analiona. Ngome ya mviringo inaonekana hata kutoka kwenye ndege. Rundo la mawe yaliyoungua, baada ya mkulima kulilima miaka mia mbili, halina tena kimo. Limetandazwa likawa doa jeusi chini ya nyasi, unene wake pengine kiganja kimoja. Hakuna alama juu. Ramani ya serikali ya malikale inaonyesha yanayojulikana tu, na yasiyojulikana ndiyo mengi. Barabara kuu zilipoanza kufumuliwa nchini humu miaka ya 1990 na kuendelea, na mabomba ya gesi yakafuata, yalitokea kwa mamia, mahali ambapo ramani ilikuwa nyeupe kabisa.

Kinachotupa nafasi ya kuwepo pale ni sheria. Ayalandi ina Sheria ya Kumbukumbu za Taifa tangu mwaka 1930, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, na mwaka 2023 ilipitishwa sheria mpya ya urithi inayochukua nafasi yake hatua kwa hatua. Tangu 1930 huruhusiwi kuchimba kutafuta mambo ya kale bila leseni. Januari 1992, nchi za Ulaya zilikutana Valletta, kisiwani Malta, zikaandika mkataba unaosema urithi ulioko ardhini ufikiriwe tangu ujenzi unapopangwa, na gharama ya kuushughulikia iwe sehemu ya gharama za mradi wenyewe. Ayalandi iliuridhia mwaka 1997. Mwaka 2000 mamlaka ya barabara ikakubaliana na waziri utaratibu wa namna ya kufanya hivyo kwenye barabara zote mpya. Kwa nyumba na viwanda, halmashauri inapotoa kibali huweza kuweka sharti: udongo wa juu usiondolewe ila mbele ya mwanaakiolojia mwenye leseni. Kwa sharti hilo moja la mstari mmoja, mtoto wa Tanga anapata haki ya kusimamisha mashine ya tani ishirini.

Kazi yenyewe huanza mezani, kwa ramani za zamani, picha za angani, majina ya vitongoji. Kisha wakati mwingine tunatembeza kipima sumaku, kwa sababu udongo ulioungua hubadilika sumaku yake na jiko la kale laweza kujitokeza kwenye karatasi kama doa. Halafu mitaro ya majaribio. Hayo yote nayapita haraka kwa kuwa siku ninayotaka mwione ni ile ya kijiko.

Ni saa moja na nusu asubuhi, mvua nyepesi, kofia ngumu na koti la rangi ya chungwa. Jambo la kwanza ninaloangalia ni ndoo ya kijiko. Ikiwa na meno, kazi haianzi. Meno hulima na kuchanganya, hutaona kitu. Nataka ndoo pana isiyo na meno, yenye ukingo ulionyooka, ivute udongo taratibu kama mtu anayekwangua sufuria bila kuichubua. Kisha nazungumza na dereva, macho kwa macho, tunapatana ishara: ngumi iliyofungwa maana yake simama, na ni simama sasa hivi, si baada ya kumaliza mkono huu. Nasimama mahali anaponiona. Kinatoka kwanza udongo wa juu, kahawia, wenye mizizi na minyoo. Chini yake, kama sentimita thelathini hivi, unakuja udongo mama, wa manjano au wa kijivu, ambao barafu ya kale iliuacha. Pale rangi mbili zinapokutana ndipo penye kazi yangu yote. Jicho linazoea manjano, manjano, manjano, saa nne nzima. Na siku moja chini ya ukingo wa ndoo unapita weusi.

Kuna na sauti. Nilifundishwa na dereva mmoja, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza aliniuliza ningemchelewesha kwa muda gani. Hakunuia ubaya, alikuwa na ratiba na mkubwa wake alikuwa anampigia simu. Siku ya tatu alizima injini mwenyewe kabla sijainua ngumi. Akasema, “Ndoo imekwaruza.” Udongo mtupu huteleza, mawe yaliyopasuka hukwaruza kama mtu anayetafuna mchanga, na mtu aliyekaa kwenye kiti kile miaka ishirini anausikia mkwaruzo huo kwenye viganja kupitia vishikio vya kuendeshea kabla mimi sijauona. Tulishuka wote wawili. Alikuwa sahihi: weusi, mkaa, na mawe mekundu yenye pembe.

Tukazungushia kamba na fito. Kijiko kikahamia upande mwingine wa shamba. Nikapiga simu kwa idara inayohusika na kwa makumbusho ya taifa, na mshitiri, mwenye mradi, akaambiwa. Wakati huo njia huwa mbili. Ya kwanza ni kuliacha lilipo: mchoro ubadilishwe, nyumba zisogee, hapo pawe bustani. Hii ndiyo niipendayo. Ya pili, kama barabara haina pa kukwepea, ni kulifukua lote kwa mkono, kwa mwiko, robo kwa robo, tukichora na kupiga picha kila tabaka. Vitabuni wanaita kuhifadhi kwa maandishi. Maneno hayo hunitia simanzi kila nikiyaandika, maana tunahifadhi kwa kuondoa. Kitabu hiki kila ukurasa unaousoma unachanika, hakuna wa kuja kuusoma tena. Kule Shetland, kaskazini kabisa ya Uskoti, walipata njia ya tatu: rundo la Cruester lililokuwa likiliwa na bahari lilifukuliwa mwaka 2000, na mwaka 2008 mawe yake yakahamishwa na kujengwa upya karibu na nyumba ya urithi ya kisiwa cha Bressay. Si kila rundo litapata watu wenye ari kama wale.

Lile la dereva wangu tulilifukua. Chini ya rundo, penye mboji iliyolowa, tukakuta hori likiwa na mbao zake. Naomba mnisikilize hapa taratibu. Ubao uliokaa chini ya maji bila hewa miaka elfu tatu na zaidi, ukiufunua unakuwa na rangi ya mti uliochanwa jana, nyekundu kama chungwa lililoiva. Unanusa unyevu wa msitu. Na ukisimama kuutazama, unaona rangi inazimika mbele yako. Hewa imeugusa, ndani ya saa moja umekuwa wa kahawia, kesho ni mweusi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope na chupa ya kunyunyizia maji mkononi, nafunika kwa nailoni, nafunua kipande kidogo, napiga picha, nafunika. Kwenye ncha ya ubao mmoja palikuwa na alama za shoka, vijipande bapa vilivyopindika kidogo, na katikati ya kila kimoja mstari mwembamba ulioinuka, mahali pale pale. Ule mstari ni pengo kwenye makali ya shoka. Shoka la mtu yule lilikuwa limemeguka, na hakuwa amelinoa. Nikapitisha kidole. Nimewahi kumwona baba yangu akichonga mpini kwa shoka lenye pengo, na mti ulibaki na mstari huo huo.

Jioni tulilikausha hori kwa pampu tukaondoka. Asubuhi tuliporudi lilikuwa limejaa, maji masafi, yametulia, hadi ukingoni. Hakuna aliyeyatia. Waliochimba pale walijua kwamba maji yatakuja yenyewe, na bado yanakuja.

Tukachukua sampuli za udongo kwenye ndoo zenye vifuniko. Udongo ukioshwa majini, mkaa huelea, unachujwa, na mtu wa maabara anautazama kwenye hadubini aseme ni wa mti gani wa huku: huu ni mwaloni, huu ni alda, huu ni hazeli. Kwa kupima umri kwa kaboni-14, ambayo huanza kupungua mti unapokufa, tunachagua kijiti cha hazeli au ganda la kokwa lake, si kipande cha mwaloni. Mwaloni huishi mamia ya miaka, na moyo wa mti ulikuwa umekufa zamani kabla ya mti kukatwa, kwa hiyo utakupa umri wa kale kuliko moto wenyewe. Kijiti kiliota juzi, kikachomwa leo. Makosa ya kuchagua mkaa yamepotosha tarehe nyingi za zamani.

Sasa niseme lililoniuma. Kwenye kazi nyingine, mkandarasi ambaye simtaji alichimba mtaro wa maji siku moja kabla sijafika. Sharti la kibali lilikuwepo. Nadhani hakuna aliyenuia kulivunja: kijiko kilikuwa kimekodiwa kwa siku, kikawa kimekaa bure, mtu akasema anzeni huo mtaro kwanza. Nilipofika, ukutani mwa mtaro mbao za hori zilikuwa zimechomoza kama mbavu zilizovunjika. Nusu moja ilikuwepo. Nusu nyingine ilikuwa imekwisha pakiwa kwenye lori, imekwenda kumwagwa na kifusi kingine, na tulipoifuata hatukuweza kuitofautisha na tope. Nilichora nusu iliyobaki. Nikapima, nikapiga picha, nikaandika ripoti. Ripoti ile ina maneno mengi ya “haikuwezekana kujua.” Siku moja tu.

Watu husema sisi ndio tunaochelewesha ujenzi. Ndugu zangu, kinachochelewesha ujenzi ni kushtukizwa. Shamba likikaguliwa mwaka mmoja kabla, mitaro ya majaribio ikapita, rundo likakutwa na kufukuliwa wakati mashine bado ziko kwenye kazi nyingine, mkandarasi akija anakuta shamba liko wazi na barua iko mezani. Likikutwa siku vijiko vitano vimewashwa na watu arobaini wanalipwa kwa saa, hapo ndipo kila mtu anakasirika, na mwenye haki ya kukasirika zaidi ni rundo. Nimefanya kazi za namna zote mbili. Ile ya kwanza haiandikwi magazetini, kwa sababu hakuna ugomvi wa kuandika.

Mzee wetu mmoja aliniuliza kabla ya mkutano huu: mna shida gani na mawe, wala hakuna dhahabu? Ni kweli mzee, hakuna. Kwenye marundo haya hatupati karibu chochote cha kuweka kwenye kabati la kioo. Kigae kimoja, jiwe lililochongwa, mara nyingi hata hicho hakuna. Wafalme wa enzi ile waliacha dhahabu, nendeni makumbusho ya Dublin mkaione, inang'aa kweli. Lakini waliobeba mawe kutoka mlimani, waliokata kuni, waliokaa kwenye moshi wakageuza nyama, ambao ndio wengi, hawakuacha dhahabu. Waliacha hili tu. Mimi ni mtoto wa mama aliyepika kwenye mafiga maisha yake yote. Mafiga matatu, yakipasuka anatafuta mengine, yale yaliyopasuka anayatupa nyuma ya jiko. Siwezi kulipita rundo hilo nikasema ni mawe tu.

Najua wengi humu mnafanya kazi za ujenzi, na wengine mnaendesha mashine. Hamna haja ya kujua Kiayalandi wala kaboni. Mkiona udongo umegeuka mweusi ghafla penye ardhi ya majimaji, na ndani yake mawe mekundu yaliyopasuka pembe pembe, simamisheni, mwambieni msimamizi kama kuna mwanaakiolojia wa mradi aitwe. Mkubwa akinuna, mwambieni gharama ya kusimama saa moja ni ndogo kuliko ya kuvunja sharti la kibali. Hilo analielewa.

Yule dereva wangu, tulimaliza kazi tukaagana, barabara ikajengwa. Miezi minane baadaye nilikuwa jikoni napika, simu ikalia. Alikuwa yeye. Alikuwa anachimba mtaro kwa mkulima fulani, kazi ndogo ya siku mbili, isiyokuwa na sharti lolote wala mtu wa kutazama. Akasema, “Nimezima mashine. Udongo umekuwa mweusi na ndoo imeanza kukwaruza. Nimetandaza turubai kwa sababu mvua inakuja. Sasa nimpigie nani?” Nikazima jiko, nikamtafutia namba.